Chumba cha Viwavi

Kila masika, majani ya miforosadi yanapofikia ukubwa wa sikio la panya, watu wa vijiji vya karibu na mji wa Margilan huhama vyumba vyao. Hawaendi mbali. Hubeba magodoro yao ya pamba, mito na birika, wakalala barazani au jikoni, na kile chumba kikubwa chenye jiko la kuni na madirisha ya kusini huwaachia viwavi wa hariri. Mgeni akija msimu huo haingii ndani. Hunywa chai uani, na kama amekula vitunguu hukalishwa mbali zaidi, kwa kuwa kiwavi hapendi harufu, hapendi baridi, hapendi kelele, na hapendi jicho la mtu asiyemjua.

Mwaka ule, nyumbani kwa mzee Ergash, chumba kikubwa hakikuwa na viwavi. Alikuwamo Hikmat.

Hikmat alikuwa kitinda mimba wa mzee Ergash na mama Saboha, na alikuwa mwandishi. Alikuwa ametoa kitabu kimoja chembamba cha hadithi. Baba yake alikifunga kwa kitambaa akakiweka juu kabisa ya kabati, na kila mgeni alionyeshwa jalada, ingawa hakuruhusiwa kukifungua asije akakichafua. Mchapishaji mmoja wa Tashkent naye alikipenda. Akamwambia Hikmat amletee riwaya kabla ya joto la kiangazi. Akichelewa, nafasi ingekwenda kwa mwingine. Hikmat akaacha kazi ya gazetini, akaanza kuandika katika chumba cha kupanga alichokaa na vijana wenzake. Siku moja mama yake alipiga simu, akasikia watu wakigombania birika na mwingine akipiga ngoma juu ya meza.

"Hiyo ni nyumba au stendi?" alisema mama. "Rudi huku, mwanangu. Sisi tutakulea mpaka kitabu kitoke."

Hikmat akarudi. Hakumwambia mtu kwamba alikuwa ameshazungumza na vijana wa kijiji cha pili, waliokuwa wakijiandaa kwenda Urusi kujenga maghorofa. Aliwaambia kwamba riwaya ikikwama, naye yumo. Wangeondoka viwavi wakishaanza kusokota hariri.

Mama Saboha alikuwa amelea viwavi tangu hajaolewa. Katika ujana wake mayai yao aliyaatamia mwenyewe, akiyafunga kwenye kitambaa na kuyaweka kifuani, akitembea polepole kama mjamzito hadi vidudu vyeusi vitoke. Alimjua kiwavi mwenye njaa, mwenye homa na mwenye deko. Lakini mwandishi hakuwahi kumlea. Kwa hiyo Hikmat alilelewa kwa njia pekee ambayo mama yake aliijua.

Vitunguu vikawa vinakaangwa ng'ambo ya mfereji ili harufu isimfikie. Asubuhi na jioni mama alipita mlangoni na kikaango chenye majani makavu ya isiriki, akafukiza mpaka Hikmat akapiga chafya, ili wenye macho mabaya wakae mbali. Kaka yake, Tohir, alikuwa na pikipiki iliyonguruma kama trekta. Sasa aliizima kwenye kona ya msikiti na kuisukuma hadi nyumbani, akihema. Mzee Ergash alizoea kuimba wakati wa kunyoa ndevu. Mama alipompiga marufuku, akawa ananyoa kimya, na kwa sababu mkono wake ulizoea kwenda na wimbo, kila mara alitoka na kidevu kinavuja damu. Redio ilizimwa. Mohira, binti mdogo wa Tohir, aliambiwa kamba yake akairukie kwa jirani. Ng'ombe alipelekwa kwa mjomba, eti anacheua kwa sauti.

Tena kulikuwa na jambo la jogoo.

"Mama, yule jogoo wetu yuko wapi?" Hikmat aliuliza siku moja, alipoamka akakuta jua limeshapanda.

"Unamla," alisema mama.

Hikmat akatazama bakuli lake la supu. Akaweka kijiko chini.

"Kula mwanangu. Alikuwa anakukatiza."

Basi Hikmat akala. Chakula hakikukoma. Mlango ulifunguka kidogo, mkono ukapenyeza bakuli, mlango ukafungwa. Mara mkate wa tanuri bado unafuka moshi, mara maziwa mgando, mara pilau yenye karoti na zabibu, mara aprikoti kavu walizoanika wenyewe mwaka uliopita. Akiacha kitu, nje walinong'ona kwa wasiwasi.

Tatizo lilikuwa moja tu. Hikmat hakuwa akiandika chochote.

Alikaa mbele ya karatasi nyeupe tangu asubuhi hadi jioni, akisikiliza kimya. Hadithi zake zote alizipata masikioni. Aliandika mke akimwambia mumewe "nenda basi, nani kakushika," kwa sababu alimsikia mama yake akisema hivyo kupitia ukutani. Aliandika wazee wanaobishania timu ya mpira kwa sababu baba yake na redio walikuwa hivyo kila Jumapili. Hata kule Tashkent, sura mbili za kwanza alizitoa katika ugomvi wa birika, ingawa aliposafiri nazo aliziona mbaya akazichoma. Sasa alikuwa nyumbani, mahali maneno yalipokuwa yanatoka, na watu wa nyumba ile walitembea kwa ncha za vidole kama waliofiwa.

Angeanzaje kuwaambia? Angesema nini? Baba, imba? Mama, kwa nini ulimchinja jogoo? Kila alipotaka kufungua mdomo alimwona Tohir dirishani, shati limelowa jasho, akisukuma pikipiki, akimwonyesha dole gumba na kutabasamu. Hikmat naye alitabasamu, akarudi kukaa.

Siku moja tu wino uligusa karatasi. Bi Hanifa, jirani yao, alisimama langoni akamwita mama Saboha, na sauti zao zikapita dirishani.

"Nasikia mwanao yupo. Mbona hatumwoni?"

"Hatakiwi kuonwa."

"Ana ugonjwa?"

"Ana kitabu."

"Aa! Na kuoa je?"

"Akishamaliza."

"Basi mwambie aandike kifupi, mabinti wa watu wanazeeka."

Hikmat alicheka hadi machozi, akashika kalamu, akaandika neno kwa neno. Mkono ulikuwa unaanza kupata moto aliposikia mama akisema, "Shosti, tusogee kule chini, tunamsumbua mtoto." Sauti zikaenda. Kimya kikarudi. Kuanzia siku hiyo wageni wote walipokelewa kwenye lango la nyuma.

Aliyekuwa akimletea chakula mara nyingi ni Nafosa, mke wa Tohir. Nafosa alikuwa na ulimi, na kunyamaza kulimchosha kuliko kazi.

"Shemeji," alimnong'oneza siku moja, akiweka bakuli chini, "mama anasema leo umelala usingizi wa tatu."

"Usingizi gani? Mimi niko macho."

"Viwavi si hulala mara nne kabla ya kusokota? Hawali, hawasogei, kichwa wamekiinua hivi." Nafosa akainua kidevu, akafumba macho, akawa kiwavi mtupu. "Mama kakuchungulia umekaa hivyo hivyo unatazama dari. Katuambia tusikuguse. Anasema ngozi ya zamani inavuka."

Hikmat akasogeza bakuli kando.

"Na viwavi wenyewe mwaka huu mmewaweka wapi?"

Nafosa akainama kuokota kitu ambacho hakikuwepo. "Kwa bi Hanifa. Wana chumba kizuri. Wanastarehe kuliko sisi tunaolala barazani."

"Hawapati baridi?"

"Wewe kula, shemeji. Ukikonda nitaulizwa mimi."

Akatoka. Hikmat aliamua kwamba wiki ile ikiisha hivyo hivyo, angewatumia ujumbe vijana wa Urusi. Kubeba matofali kulikuwa na heshima yake. Mtu akibeba tofali, tofali linaonekana.

Mvua ya mawe ilikuja mchana wa siku ile ile. Kwanza mbingu ilikuwa ya njano, kisha upepo ukapindisha miaprikoti, kisha bati likaanza kupigwa. Hikmat alisimama katikati ya chumba na moyo wake ukafurahi, Mungu amsamehe, kwa sababu hatimaye kulikuwa na kelele. Alikuwa ananyoosha mkono achukue kalamu aliposikia sauti ya mama yake. Sauti ile hakuwa ameisikia ikipazwa tangu arudi.

"Tohir! Mablanketi! Leta mablanketi, paa linaingia!"

Hikmat alitoka bila viatu. Barafu ilimchoma nyayo, ikampiga mabega. Sauti haikutoka kwa bi Hanifa. Ilitoka nyuma ya miaprikoti, kwenye banda la ng'ombe.

Alisukuma mlango, akasimama.

Banda zima lilikuwa limefungwa vichanja, toka sakafuni hadi darini, na juu ya vichanja, katika matawi ya miforosadi, walilala viwavi. Walikuwa wameshatoka usingizi wa nne, wanene kama kidole, weupe, katika zile siku za mwisho ambazo kiwavi hula bila kupumzika na nyumba nzima hukimbilia majani. Lakini hawa hawakuwa wakila. Walikuwa wamejikunyata juu ya majani, hawasogei. Maji yalichirizika kutoka paani juu ya vichanja vya pembeni. Mzee Ergash alikuwa juu ya ngazi, anashikilia kipande cha plastiki kwa mikono miwili kama mtu aliyekamatwa. Tohir na Nafosa walikuwa chini, wanafuta majani kwa mataulo, jani moja moja, kwa sababu kiwavi akila jani bichi lenye maji huharisha na kufa. Mama Saboha alikuwa na sinia la makaa. Uso wake ulikuwa mweusi kwa moshi.

"Nani kakuruhusu kutoka?" alimkaripia Hikmat. "Bila viatu! Rudi ndani, unavunjwa usingizi!"

"Mama, hawa si walikuwa kwa bi Hanifa?"

Mawe yalipiga bati.

"Walirudi wenyewe," alisema Nafosa, bila kuinua macho kwenye taulo lake. "Walikukumbuka, shemeji."

"Nafosa!" alisema Tohir.

"Basi nisemeje, baba Mohira? Mwongo nimekuwa mimi, na uongo wenyewe mlinipa nyinyi."

Hikmat aliwatazama. Alikumbuka ng'ombe anayecheua kwa sauti. Alikumbuka jiko lake la kuni lililokuwa linawaka tangu alfajiri, na lile dirisha la kusini, na yeye amekaa katikati ya joto lote lile kama mfalme asiye na watu. Mavuno ya viwavi ndiyo yaliyokuwa yakiilisha nyumba ile mpaka pamba ichumwe. Kila mtoto wa bonde lile alilijua hilo kabla hajajua kusoma.

"Wahamishieni chumbani," alisema. "Sasa hivi."

"Chumbani kwako hapana," alisema mama. "Wewe hujasokota."

"Mama, wanakufa."

"Viwavi nitapata wengine mwakani. Mwandishi ninaye mmoja. Rudi ndani, nasema!"

Hikmat akaona kwamba hakuna njia nyingine.

"Mama, ndani hakuna kitu. Sijaandika. Tangu nimekuja sijaandika hata ukurasa. Nakaa tu natazama dari, mnaniletea pilau, nakula, natazama dari tena. Nyinyi mmekuja kulowa hapa kwa ajili ya karatasi nyeupe."

Alingoja. Mzee Ergash juu ya ngazi akaacha kusogea. Tohir akakunja taulo lake polepole. Mama Saboha aliweka sinia la makaa chini, akajipangusa mikono kwenye gauni.

"Najua," alisema.

"Unajua?"

"Nimelea viwavi tangu sijavunja ungo, nitashindwa kumjua asiyekula? Mwenye kula nasikia kwa masikio. Wewe nimekuja mlangoni kila siku nikasikiliza, kimya. Asiyekula, ama amelala ama anaumwa. Nami sikujua wewe ni yupi." Akamgusa kiwavi mmoja kwa kidole. "Ndiyo maana nikachinja jogoo. Nikasema labda ni kelele. Nikaondoa hiki, nikaondoa kile. Kila nilichoondoa, hukula."

Hikmat akamshika mama yake mkono. Ulikuwa baridi kama chuma.

"Siumwi, mama. Na silali. Kimya ndicho kinaniua. Mimi nakula kelele."

Mama alimtazama kama anayetazama jani asilolijua.

"Kelele?"

"Zenu."

Nafosa aliachia kicheko. "Yarabi! Na mimi nimeuma ulimi mwezi mzima!"

"Mtacheka baadaye!" alipiga kelele mzee Ergash kutoka juu. "Mikono yangu imekufa ganzi huku! Kama mnahama, hameni!"

Wakahama. Walikishika kile kitambaa kikubwa cha nailoni wanachotandika wakati wa kula, Tohir na Hikmat wakawa wanakiinua juu kama paa, na chini yake mama na Nafosa wakapita wakiwa wamebeba matawi yenye viwavi kwenye masinia, kwenye nyungo, kwenye mbao, mpaka kwenye sinia la pilau la harusi ya Tohir. Mzee Ergash alitangulia kung'oa vichanja na kuvifunga upya chumbani. Meza ya Hikmat ilisukumwa kwenye kona ya jiko. Magazeti ya kutandika chini ya viwavi yalikuwa yamelowa yote, kwa hiyo Hikmat alichukua rundo lake la karatasi nyeupe akaanza kuzitandaza mwenyewe. Mama alijaribu kumzuia. Akamwambia zitakuwa zimefanya kazi kwa mara ya kwanza.

Viwavi wa vichanja vya pembeni hawakuamka. Mama aliwaokota mmoja mmoja kwa vidole viwili, akawaweka ndani ya ndoo, na uso wake wakati ule Hikmat hakuweza kuutazama.

Viwavi waliobaki hawakusogea kwa muda mrefu. Jiko lilijazwa kuni. Familia nzima iliketi chini ikifuta majani, mataulo yakiisha walifuta kwa mashuka, mashuka yakiisha mzee Ergash alivua kanzu yake ya pamba. Kisha, karibu na jiko, kukaanza sauti ndogo, kama mchanga unaomwagwa juu ya karatasi. Ikaenea kichanja kwa kichanja. Ikawa kama mvua laini juu ya majani, ingawa mvua ya nje ilikuwa imeshakatika.

"Wanakula," alisema mama Saboha. Akakaa chini palepale alipokuwa amesimama.

Tohir akavuta pumzi. Na kwa kuwa hofu ilikuwa imewatoka, kilichofuata ni lawama.

"Nilisema paa lile lizibwe," alisema.

"Ulimwambia nani?" aliuliza mzee Ergash.

"Nilikwambia wewe, baba."

"Uliniambia ukiwa unasukuma pikipiki, unahema kama punda. Nilidhani unaniomba maji."

"Hiyo pikipiki nani kasema nisukume?"

"Heri uisukume hivyo hivyo," alisema Nafosa. "Majirani wamenenepa kwa usingizi."

"Wewe mama Mohira unamtetea nani?"

"Nawatetea viwavi. Futa jani, hilo lina maji."

Hikmat, kwenye kona yake, aligundua kwamba kalamu ilikuwa mkononi. Hakukumbuka kuichukua. Karatasi iliyobaki ilikuwa na alama ya kijani ya kidole chake. Akaandika: Heri uisukume hivyo hivyo. Akaandika na jibu lake. Akaandika mzee juu ya ngazi, ameshikilia anga ya plastiki.

Mama Saboha ndiye aliyemwona wa kwanza. Akaweka kidole mdomoni. "Shh! Anakula! Anakula!"

Nyumba nzima ikanyamaza ghafla, kama taa imezimwa. Kalamu ya Hikmat nayo ikasimama.

"Mnanyamazia nini?" alifoka Hikmat. "Endeleeni!"

Wakatazamana.

"Tuendelee na nini?" aliuliza Tohir.

"Mlikuwa mnagombana."

"Ee. Tulikuwa tunagombania nini?"

"Paa," alisema mzee Ergash. Akajikohoza. "Tohir. Mwanangu. Kwa nini hukuziba paa?"

"Samahani baba. Ni kosa langu."

"Hapana, hata mimi nina kosa."

"Mungu wangu," alisema Nafosa, "mnagombana kama wageni wa posa."

Mama Saboha akacheka. Alicheka akiwa ameshika mbavu, na masizi usoni, na Hikmat hakuwa amesikia kicheko kile tangu arudi. Tohir akamwambia mkewe kwamba yeye ndiye aliyekuwa amelipa banda lile sifa za uongo, Nafosa akamjibu kwamba uongo wote wa nyumba ile hupewa mkamwana auseme, mzee Ergash akauliza redio iko wapi maana lazima kuna habari ya hali ya hewa, na kelele zikarudi zenyewe, bila kuitwa. Hikmat aliandika hadi karatasi zikaisha. Akachomoa nyingine chini ya kichanja, akakung'uta kinyesi cha viwavi, akaendelea.

Hivyo ndivyo walivyoishi siku zilizobaki, watu na viwavi na riwaya ndani ya chumba kimoja. Viwavi walipoacha kula na kuanza kuinua vichwa kutafuta mahali pa kupanda, mzee Ergash alileta mafungu ya vichaka vikavu akayasimamisha kwenye vichanja. Wakapanda, wakaanza kusokota. Chumba kikawa kimejaa vifukofuko vyeupe kama pamba iliyochanua ukutani. Mavuno yalipungua mwaka ule, na wote walijua kwa nini, lakini hakuna aliyelitaja mbele ya Hikmat isipokuwa Nafosa. Yeye alilitaja kila siku, kwa mzaha, na Hikmat alimshukuru kwa hilo.

Jioni moja mama alimtaka asome alichoandika. Akasoma barazani, kwenye karatasi zenye madoa ya kijani. Alitarajia watalia au watanyamaza kwa heshima.

"Sikusema hivyo mimi," alisema mzee Ergash.

"Ulisema vibaya zaidi, baba," alisema Tohir. "Hapo kakupunguzia."

"Na huyu mke wa kaka mbona ana ulimi hivi?" aliuliza Nafosa. "Watu watadhani ni mimi."

"Huyu mama wa kitabuni anapika vitunguu?" aliuliza mama Saboha.

"Anapika."

"Weka na jira. Bila jira watamcheka."

Kila mmoja alikuwa na neno lake la kuongeza na la kufuta, wakazungumza wote kwa pamoja, na kwa mara ya kwanza Hikmat akatamani kimya kidogo. Hakuthubutu kusema.

Gari la vijana wa Urusi lilipita asubuhi moja, likasimama langoni, likapiga honi. Hikmat alikuwa juu ya kichanja akichuma vifukofuko. Alitoka na mikono imejaa nyuzi za hariri. Waliongea kidogo, akawapa mikate miwili ya tanuri kwa ajili ya njia, gari likaondoka. Aliporudi, mama yake alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani. Alikuwa amesikia.

"Ulikuwa uende?"

"Nilikuwa niende."

"Na sasa?"

"Nimempigia yule bwana wa Tashkent. Nimemwambia nina nusu. Amenung'unika, lakini kasema nilete hiyo nusu aione, nyingine ifuate." Hikmat akaanza kujinyofoa nyuzi vidoleni. "Halafu baba na Tohir hawajamaliza ugomvi wa paa. Nikiondoka nitajuaje umeishaje?"

Mama aliingia ndani, akavaa kitambaa chake kizuri cha kichwa, akatoka kwenda sokoni bila kumwambia mtu anafuata nini. Alikaa huko mpaka adhuhuri. Bi Hanifa, aliyekuwa naye, alisimulia baadaye kwamba mama Saboha alizunguka kwa wauza kuku wote, hakuuliza uzito wala umri. Alikuwa akimminya kila jogoo ubavuni na kutega sikio, huyu sauti ndogo, huyu ana mafua, mpaka wauzaji wakadhani amerukwa na akili.

Alirudi na jogoo mwekundu chini ya kwapa, mwenye kifua kama cha bondia. Akamfunga kamba chini ya dirisha la Hikmat.

Alfajiri jogoo aliwika mpaka vioo vikatetemeka. Hikmat alijifunika mto kichwani, akamlaani jogoo, akamlaani na aliyemuuza. Barazani alisikia watu wakigeukageuka kwenye magodoro yao.

"Kaamka?" ilinong'ona sauti ya baba yake.

"Analaani," ilijibu sauti ya mama, imejaa matumaini. "Mwacheni. Ndiyo anaanza kula."

Hikmat akacheka ndani ya mto wake. Kisha akanyoosha mkono gizani, akatafuta kalamu.